Damu Niliyoiharibu Mwenyewe

Uvimbe wa mama ulikaa kwenye utumbo miaka mitatu ukitibiwa kama amiba. Ulikua polepole ukimwaga homoni, uso ukimwaka moto na tumbo likimwendesha, na kila zahanati ikampa vidonge vilevile. Walipoukata hatimaye, tulibaki na swali moja: je, umerudi?

Kipimo tulichokimudu kilikuwa cha mkojo wa siku nzima, na sharti lake ni kukaa siku tatu bila ndizi wala parachichi, kwa maana huvuruga majibu. Mwambie hayo mama wa Wusi, kijiji chetu cha milimani, ambako hakuna matanga bila ndizi! Mara ya kwanza alikula matangani. Mara ya pili, matangani tena.

"Sasa nikatae chakula cha mfiwa?" aliniuliza. "Watasema nina kinyongo na marehemu."

Mimi huwatoa watu damu maabarani, hapa Voi. Watafiti kutoka Nairobi walipotafuta wagonjwa wa uvimbe wa aina hiyo, nilimwandikisha. Walitaka mikroRNA, vipande vidogo mno ambavyo seli huviachia kwenye damu. Penye uvimbe huo vingine huongezeka na vingine hupungua, na wao walitumaini kwamba siku moja damu itatoboa siri mapema. Bado hawakujua kipi cha kuaminiwa. Sharti lao lilikuwa moja: damu itolewe taratibu, maana chembe nyekundu zikipasuka humwaga vipande vyake na kuharibu hesabu yote. Wenzangu niliwahubiria hilo hadi wakanichoka.

Asubuhi moja mama alishuka kutoka Wusi kutolewa damu ya utafiti, akiwa pia na mkojo wa kipimo cha tatu. Nikamuuliza kuhusu ndizi. Akatazama dirishani.

"Kidogo tu. Jirani amefiwa."

Nilichemka. Nilimfunga mkono, nikachoma, nikavuta bomba la sindano kwa nguvu zote za hasira yangu, kisha nikaisukuma damu kwenye chupa kwa nguvu ileile. Mashine ilipomaliza kuizungusha, maji ya juu, ambayo hupaswa kuwa ya manjano, yalikuwa mekundu kama maji yaliyooshea nyama. Mtafiti aliyekuja kuichukua aliinua chupa kwenye mwanga, akaiweka kando. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona kazini.

"Nimeiharibu kwa zile ndizi?" mama aliuliza.

"Si wewe, Mama. Ni mimi. Nimeivuta kwa hasira."

Nilingoja anikemee, na nilistahili.

"Na hii ya utafiti, mimi nitaambiwa kama ugonjwa umerudi?"

"Hapana. Hiyo ni ya kuwasaidia watakaougua baadaye. Wewe hutapewa jibu."

Akakunja sweta kwenye mkono wa pili, akaunyoosha mkono huo juu ya meza.

"Basi toa, mwanangu. Wao wasingoje miaka mitatu."