Ukuta wa Ghala la Baruti

Siku niliyoanza kazi nilipewa brashi ya waya, mkebe wa grisi na kofia iliyonizidi kichwa. Mhifadhi wa Kituo, mtu mzima aliyebakiza miaka michache astaafu, alinitembeza juu ya jabali letu la Waa, pale Waingereza walipoweka mizinga miwili wakati wa vita vikuu vya pili, ili meli za adui zisiikaribie Likoni.

"Mwanasiti," aliniambia, "sisi hatupambi. Sisi tunazuia kitu kisipotee. Ukiona kutu, isugue. Ukiona mche umeota kwenye ufa, ung'oe ungali mdogo."

Nyinyi vijana hamkuiona ile mizinga, basi niwaeleze. Mtutu, yaani lile bomba refu la mbele, ulikuwa mrefu kuliko sebule ya nyumba yetu, na kila mwezi niliupaka grisi ili chumvi ya bahari isiule. Nyuma yake palikuwa na kijumba cha kupimia masafa, ambako askari aliyeshika darubini alihesabu meli iko mbali kiasi gani. Chini kabisa, ukishuka ngazi, kulikuwa na ghala la baruti. Makombora yaliwekwa humo, yakapandishwa juu kwa winchi na mnyororo.

Wageni walipenda kupiga picha kwenye mitutu. Mimi nilipenda ule ukuta wa ghalani. Vibarua walioujenga walikuwa watu wa kwetu, Wadigo na Waduruma, na saruji ilipokuwa bado mbichi waliandika majina yao kwa msumari. Majina arubaini na moja. Wachache waliojua kuandika waliwaandikia wenzao.

Kila mwaka, mahindi yakishavunwa, alikuja Mzee Mwero kutoka pande za Kinango. Alikuwa mmoja wa vibarua wale, na hakujua kusoma. Alishuka ngazi polepole, akapapasa ukuta mpaka mstari wa tano, kidole chake kikasimama penye herufi yenye mkia mrefu.

"Huyu ni Tsuma," aliniambia mara ya kwanza. "Ndugu yangu, tumbo moja."

"Yuko wapi sasa, baba?"

"Mnyororo wa winchi ulikatika, kombora likamwangukia. Tukaamrishwa turudi kazini. Tulipotoka jioni, hakuwapo tena. Hakuna aliyetuonyesha kaburi, mwanangu. Hapa ndipo ninapomzuru."

Nilimwahidi kwamba maadamu niko pale, ukuta ule hautaguswa. Nilisema bila kufikiri, kama mtu anayemwambia mgonjwa atapona.

Baadaye nilihamishiwa Msambweni, kwenye stoo ya idara yetu ya mambo ya kale, nikahesabu majembe na mapipa ya rangi kwa miaka sita. Huku nyuma mamangu akapigwa na kiharusi, na nyumbani Waa hakukuwa na mtu wa kumgeuza kitandani. Niliandika barua za kuomba kurudishwa mpaka nikaona haya. Waliponirudisha, Mhifadhi alikuwa amekwisha kustaafu, na mahali pake palikuwa na Meneja wa Kituo, kijana wa bara, mchangamfu, asiyependa maneno mengi.

Wiki yangu ya pili tulishuka naye ghalani.

"Mama, hii ukuta inakaa vibaya," alisema. "Wakubwa wanakuja Ijumaa. Pigeni plasta, kisha rangi nyeupe."

"Bwana Meneja, kuna majina ya watu hapo."

"Majina ya nani? Hata hayasomeki. Ama unataka kurudi Msambweni?"

Pengine alikuwa akitania. Sikumwuliza. Nilimfikiria mamangu na kile kitanda. Fundi aliyeitwa hakuwa na msaidizi, kwa hiyo mimi mwenyewe nilichanganya saruji kwenye karai nikampitishia. Mstari wa tano ulipofunikwa nilikuwa nimesimama pale pale, nimeshika karai. Ijumaa wakubwa walikuja, wakatazama mitutu, wakanywa madafu, wakaenda zao. Ghalani hakushuka hata mmoja.

Mzee Mwero alikuja baada ya mavuno, kama ada yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umerudi! Alhamdulillahi."

Sikuweza kumwambia. Nilimfuata nyuma. Akaupapasa ukuta, akaenda kulia, akarudi kushoto, akainama, akainuka. Ulikuwa laini kama sahani. Nilidhani atapiga kelele. Yeye alidhani amepotea.

"Nimekosea chumba," alisema. "Uzee huu! Nipeleke kwenye chumba chenyewe."

"Ndicho hiki, baba."

Alikaa kwenye ngazi. Aliniuliza swali moja tu: "Wewe ulikuwapo?"

"Nilikuwapo."

Alivaa kofia yake akaondoka, na hakurudi tena. Siku ya pili nilichukua patasi na nyundo nikajaribu kubandua plasta taratibu. Ilitoka vipande vipande, na kila kipande kilitoka na ngozi ya ukuta wa zamani. Herufi zilibaki unga miguuni pangu. Nikaacha.

Nilitumikia miaka kumi na minne baada ya hapo, sikushushwa cheo wala kuhamishwa. Mamangu alifia mikononi mwangu, na kwa hilo namshukuru Mungu. Nilipostaafu nilipewa saa ya ukutani na maneno mazuri. Baadaye kiwanja kilipata mwenyewe, kikazungushiwa mabati, mitutu ikakatwa ikauzwa chuma chakavu, na trekta likalifukua ghala, likasukuma vifusi baharini. Watu wa mtaani walikuja kunipa pole. Sikuwaambia kwamba mimi nilianza kabla ya trekta.

Mwaka jana alikuja nyumbani mjukuu wa kibarua mwingine, mwanamke wa Kinondo, mwalimu. Alikuwa amesikia kwamba mimi niliyajua majina yale, naye alitaka kuyaandika. Alifungua daftari, akangoja. Nikamtajia Tsuma. Nikamtajia Mwero. Nikamtajia mengine manne, la saba halikuja, nikaanza upya, likakataa. Jina la babu yake halikuwa miongoni mwa yale sita.

"Hukuyaandika popote, bibi?" aliniuliza kwa upole.

Sikuyaandika. Miaka yote ile niliyapita kila asubuhi nikiwa na ufagio, na sikuona sababu ya kuyaandika, kwa kuwa yalikuwa ukutani.