Nilivyomtuza mwimbaji wetu kwa siri kule Pangani, na ninavyojuta hadi leo

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo. Kama una kazi mkononi imalize kwanza, maana uzi huu una urefu wake. Ninayoandika yalinikuta mwenyewe na sijayatia chumvi. Majina tu nimebadilisha, kwa sababu wahusika wapo hai na mitaa ni ileile.

Nimepiga kinanda kwenye kikundi cha taarab hapa Tanga kwa miaka kumi na moja. Tulikuwa watu tisa. Kiongozi wetu alikuwa Bi Riziki, mama wa Ngamiani, ndiye mwimbaji mkuu na ndiye mwenye vyombo vyote, kuanzia spika hadi kile kinanda nilichokuwa napiga.

Watu huwa wananiuliza, hivi nyie mnaozunguka na maharusi ya watu mnalipwaje?

Ngoja niwaambie, maana wengi wanadhani tulikuwa matajiri.

Mwenye shughuli alikuwa anatoa advansi. Ile haikuwa yetu. Ilikuwa ya gari la kukodi, mafuta, na chakula cha njiani. Ikibaki, inanunua nyaya na nyuzi za fidla. Mara nyingi haibaki.

Chakula chetu halisi kilikuwa tuzo.

Kwa msiokulia pwani: mwimbaji akifika kwenye ubeti unaomgusa mtu, mama wa watu anainuka kitini, anakwenda mbele taratibu kwa madaha, anamwekea noti mkononi au anaichomeka kwenye ushungi. Wengine wanatuza kwa furaha. Wengine wanatuza ili ubeti urudiwe na jirani yake aliyekaa safu ya pili ausikie vizuri. Hao wa pili ndio waliotulisha zaidi, Mungu awazidishie.

Tuzo zote zinaingia kikapu kimoja. Kugawana tulifuata mtindo wa wavuvi. Nusu ya mwimbaji, nusu inakatwa mafungu. Kila mpigaji fungu lake, na kila chombo fungu lake, kama vile nyavu na mashua zinavyopata sehemu yake ya samaki.

Maana yake kinanda kilikuwa kinalipwa sawasawa na mimi. Na chenyewe hakilipi kodi ya chumba wala hakina mtoto anayetaka viatu vya shule. Lile fungu lilikuwa linakwenda kwa Bi Riziki, na ni haki yake.

Matumizi sasa. Hapo ndipo tulipokuwa mabingwa.

Sare mpya kila baada ya Ramadhani, kwa sababu kikundi kikionekana na vitambaa vya mwaka jana hakiitwi. Mpiga dumbaki wetu alikuwa hawezi kulipita duka la viatu. Tukitoka Korogwe au Lushoto lazima gari lisimame Muheza, kila mtu anunue machungwa mfuko mzima apeleke nyumbani, hata kama hakulipwa kitu. Tulikuwa tunarudi tumependeza, tunanukia, tumebeba machungwa, mfukoni hamna nauli ya bodaboda ya kutufikisha Chumbageni.

Lakini wakuu, raha ile sijaipata tena. Mle ndani ya gari tulikuwa tunaimba bure kuliko tulivyoimba kwa kulipwa. Bi Riziki anakaa mbele na dereva, anatutania mmoja mmoja, anayenuna anaimbiwa ubeti wake papo hapo. Nikiikumbuka sauti yake ya miaka ile, mwenzenu machozi yananilenga.

Turudi kwenye kisa.

Nilitaka kununua kinanda changu. Kuna jamaa Muheza alikuwa anaacha muziki, anauza chake kwa laki saba. Nikikipata, fungu la chombo linakuwa langu, nalipwa mara mbili kwa kazi ileile. Kwa familia yangu hiyo ilikuwa tofauti ya kula na kushiba.

Mimi na hela hatukai chumba kimoja, kwa hiyo nilimwomba Bi Riziki anitunzie. Alikuwa ananiwekea kwenye kasha lake la nguo, mle mle anamoweka udi. Nilikuwa nampa elfu kumi, elfu tano, hata elfu mbili. Miaka miwili na ushei.

Laki saba ikatimia wiki tuliyoitwa Pangani kwenye shughuli ya wanawake, alasiri. Asubuhi ya safari akanikabidhi bunda langu limefungwa kwa kipande cha leso. "Saidi, ukirudi na viatu badala ya kinanda nitakuchapa mbele ya mkeo," akaniambia. Mpango wangu ulikuwa nilale Pangani, kesho yake nichukue gari la Muheza.

Shughuli ikaanza. Watu wamejaa, wamevaa, wamejifukiza.

Nadhani sisi wapigaji tulikuwa tumeshajua kwa muda ila hakuna aliyethubutu kusema. Sauti ya Bi Riziki ilikuwa inaondoka. Pale juu pa wimbo, palipokuwa pakimfanya mtu ainuke bila kujijua, sasa alikuwa anapakwepa, na akipagusa panakwaruza. Mimi nilikuwa nimeshamshushia ufunguo mara mbili mwaka ule, yaani napiga wimbo chini kidogo ili aufikie, bila kumwambia.

Wimbo wa kwanza hakuinuka mtu. Tukasema bado hawajapasha.

Wimbo wa pili ndio ule wa mafumbo ya mke mwenza, ambao haujawahi kutuangusha. Akafika mwisho wa ubeti, akanyoosha mkono kama kawaida yake.

Mkono ukabaki hewani.

Wanawake wanaongea yao, wengine wako kwenye simu. Akaurudisha mkono polepole, akajifanya anarekebisha ushungi. Mimi nilikuwa nyuma yake hatua mbili. Niliona mabega yake yakishuka na nikahisi aibu kana kwamba ni mama yangu aliyenizaa.

Yakaja mapumziko ya soda. Nikazunguka nyuma jikoni, nikamkuta shangazi yangu Mwanaheri, yeye ni mtu wa Pangani na alikuwa katika wapishi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mbona umesawijika hivyo, una homa?"

Nikamfungulia ile leso. Nikamwambia awagawie wenzake, wapokezane kwenda kumtuza Bi Riziki, na wasiseme zimetoka wapi.

Shangazi akaniangalia sana. "Yakhe Saidi, hizi si za kile kinanda chako?"

Nikamwambia, shangazi, kinanda kitangoja.

Wakuu, wimbo wa tatu ulikuwa sikukuu. Wapishi wanatoka jikoni na aproni zao, wanakwenda kwa madaha, noti za elfu tano, noti za elfu kumi. Waliokaa vitini wakaona kumbe kuna jambo, nao wakaanza kuinuka. Bi Riziki akachangamka. Akapanda pale juu alipokuwa anapakwepa, akapakwaruza, na hakujali. Nilipiga kinanda huku nalia na kucheka. Sijawahi kupiga vizuri vile maisha yangu yote.

Kabla ya magharibi tukaingia chumba tulichopewa na wenyeji ili tugawane. Kikapu kikamwagwa mkekani. Ilifika laki tisa na kitu. Ina maana wenye vitini nao walitoa, tena vizuri, ukizingatia kwamba shangazi alishaninong'oneza kuna mpishi mmoja alipewa elfu thelathini, na hadi leo haijulikani alizipitisha wapi.

Bi Riziki alikuwa anazipanga noti huku anatania. Akainua noti moja, akainusa. Akainusa nyingine.

Akawaomba wenzangu watoke. Tukabaki wawili.

"Saidi. Lete leso yangu."

Nikaitoa mfukoni, tupu.

Nilidhani atanikumbatia, wakuu. Wallahi nilidhani hivyo. Mtu umetoa jasho la miaka miwili kwa ajili yake.

Akauliza, "Ngapi zako humu?"

"Laki saba kasoro. Lakini Bi Riziki, nyingine si zangu! Watu wamekutuza wenyewe, nimewaona kwa macho yangu."

"Zipi?"

Nikaangalia mkekani. Zote zilikuwa zimeshalala kikapu kimoja, zote zinanukia udi. Sikuweza kumwonyesha hata moja.

Hakulia. Akasema kwa sauti ya chini, maneno ambayo nimeyahifadhi kama nilivyohifadhi Alhamdu:

"Ungenambia tu, 'Mama, sauti imekwisha.' Ningelia siku moja, nikapumzika. Sasa umenipa kazi nyingine. Nitakaa nikumbuke kila mtu aliyewahi kuinuka mbele yangu, toka ujana wangu, nijiulize huyu alitumwa na nani."

Akahesabu laki saba kamili, akazifunga kwenye ile leso, akanirushia mapajani. Zile elfu thelathini zilizoyeyuka jikoni alizifidia kutoka fungu lake mwenyewe. Zilizobaki akawaita wenzangu wakagawana.

Sikulala Pangani tena. Tuliporudi Tanga Bi Riziki alikaa mbele na dereva kama kawaida, na hakumtania mtu. Hakuimba tena. Miezi michache baadaye aliuza vyombo na kikundi kikafa.

Mimi kinanda nilikinunua. Ndicho kinacholisha nyumba yangu mpaka sasa, nazunguka na vikundi vya vijana na fungu la chombo napewa bila ubishi. Siku hizi tuzo nyingi zinaingia kwenye simu, mlio tu unasikika, hakuna anayeinuka kwa madaha. Ubaya ni kwamba jina la mtumaji linaonekana. Uzuri pia ni huo.

Bi Riziki yupo Ngamiani, anakaanga vitumbua asubuhi. Nikimpitia tunasalimiana vizuri, hana kinyongo. Ila anapenda kuniuliza kama kwa utani. "Saidi, yule mama wa Muheza aliyevua bangili akanipa, naye ulimtuma wewe?" Namwapia simjui. Anacheka, na naona hajaamini.

Nilichojifunza: msanii anaweza kuishi bila hela, sisi tumeishi hivyo miaka. Anachotaka ni kuwa na uhakika kwamba aliyeinuka aliinuka mwenyewe. Mimi nilimnyang'anya uhakika huo kwa nia njema kabisa, na sina namna ya kuurudisha peke yangu.

Ndiyo maana nimeandika.

Kama wewe, mama yako, au bibi yako mliwahi kuwa kwenye shughuli Tanga, Pangani, Muheza au Korogwe, akaimba mama mrefu mweusi mwenye mwanya, anayefumba jicho moja akifika mwisho wa ubeti, na mkainuka kumtuza kwa mapenzi yenu wenyewe, basi andikeni hapa chini. Semeni ilikuwa harusi ya nani, mlivaa nini, mlitoa shilingi ngapi, hata kama ilikuwa mia tano.

Ijumaa baada ya sala nakwenda kwake. Nitamsomea komenti moja baada ya nyingine.