Pasi kwa Mkubwa

Wewe unayenisikiliza, kama adabu uliyofunzwa nyumbani imewahi kukuchelewesha mahali, sogea karibu. Nitaeleza polepole, maana hata mimi nilichelewa kuelewa.

Nimecheza mpira wa kikapu kwa kulipwa karibu ujana wangu wote. Nilianzia Itigi, kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya kanisa, wenye ringi moja isiyo na wavu. Treni ikipita tulisimama kuwapungia abiria, kisha tukaendelea. Nilikuwa mrefu kuliko rika langu, na nilirusha vizuri. Mwalimu wetu akanitafutia majaribio kwenye klabu moja ya Dar es Salaam. Mama akanifungia dumu la asali niwapelekee wenyeji wangu, nikapanda treni.

Klabu ilinipa mwezi mmoja. Nikifaa, nisajiliwe. Nisipofaa, nirudi nyumbani.

Sasa tatizo lilikuwa hili. Kwetu mtoto hagusi nyama kabla ya wakubwa. Mkubwa akishachukua, ndipo nawe unachukua, na kitu unampa kwa mikono miwili. Pale klabuni wenzangu wengi walikuwa watu wenye wake na watoto. Basi kila nilipopata mpira, hata nikiwa peke yangu chini ya ringi, macho yalimtafuta mkubwa wa kumpa. Nahodha ndiye aliyewazidi wote umri, na nilimpa yeye hata akiwa amezibwa kila upande. Sikuogopa kurusha. Mkono ulikuwa umezoea hivyo.

Wenzangu walicheka. "Jamani, dogo anatunawisha tena! Leteni na sabuni!"

Kocha hakucheka. Wiki ya mwisho aliniita pembeni. "Kijana, mikono unayo. Lakini asiyerusha simsajili. Jumamosi tuna mechi ya mazoezi, nioneshe."

Jioni ile nilikaa kwenye benchi nikifungua kamba za viatu, nikiwaza nitamwambia nini mama. Nahodha akaja kukaa karibu yangu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Hivi kwenu nyama anagawa nani?"

"Baba."

"Baba akikuambia uanze wewe, unakataa?"

"Siwezi, kaka. Nitakuwa nimemvunjia heshima."

"Haya. Mkubwa hapa ni mimi, na nimesema anza wewe."

Akanipiga begani, akaenda zake kuoga.

Jumamosi, mpira wa kwanza ulinikuta karibu na ringi. Macho yakamtafuta nahodha kama kawaida. Aliponiona namwangalia, akanigeuzia mgongo. Sikuwa na wa kumpa. Nikakunja magoti, nikarusha. Mpira ukagonga ubao, ukatoka.

"Tena!" nahodha akasema, bila hata kugeuka.

Uliofuata ukaingia.

"Mkubwa, umekula?" mtu akapiga kelele kutoka benchi.

"Nimeshiba!" nahodha akajibu, na uwanja mzima ukacheka. Nami nikacheka, huku nikikimbia kurudi kukaba.

Nilisajiliwa. Nilipompigia mama simu kumweleza, hakuuliza habari za mkataba. "Wakubwa wa huko unawaheshimu?"

"Nawaheshimu, mama. Ila uwanjani nawanyima mpira."

"Basi ukishawanyima, uwaamkie vizuri."

Nilicheza misimu mingi baada ya hapo, mingine nje ya nchi, mpaka goti likakataa. Nikarudi Itigi. Siku hizi nafuga nyuki, na alasiri nafundisha vijana mpira wa kikapu. Majuzi binti mmoja alibaki peke yake na ringi, nikamwona akigeuza shingo kumtafuta dada yake ampe. Nilijua kabisa moyoni mwake kuna nini. Sikumgombeza. Adabu ile ni mali, na mtoto aliyelelewa nayo si wa kuaibishwa kwa sababu yake. Nilimwita dada mtu, nikanong'ona naye. Mpira uliofuata, dada akageuka akatazama reli. Mdogo wake akasita, akarusha, akakosa, akarusha tena. Ulipoingia, wa kwanza kumkumbatia alikuwa dada yake.

Kwa hiyo, kama wewe ndiye mkubwa uwanjani na mdogo wako anakutafuta kwa macho, mgeuzie mgongo. Akikosa, mwambie arushe tena.