Kocha wa Taifa Anatengeneza Friji

Kuna mwanaume mtaani kwetu ni kocha wa timu ya taifa ya mpira wa kikapu na hajawahi kushika mpira wa kikapu. Mikono yake inanuka gesi ya friji. Akipanda ngazi kwenda kwake ghorofa ya pili, anasimama katikati kupumua. Ukimwita "fundi" hageuki. Mwite "Kocha", anageuka na shingo yote.

Timu yenyewe haipo. Yaani ipo kwenye mtandao, kwenye mchezo ambao watu wazima na akili zao wanafungua klabu za kubuni, wanasajili wachezaji waliotengenezwa na kompyuta, wanawafundisha kurusha na kudaka, halafu kompyuta inacheza mechi yenyewe na kuwaletea habari kwa maandishi. Kila nchi ina timu yake ya taifa, na kocha anachaguliwa kwa kura za wenye klabu wa nchi hiyo. Kura kweli, zenye kampeni na uongo wake. Hapo ndipo fundi wetu alipochangamka.

Alishindaje? Karakana yake iko chini ya ghorofa hiyo hiyo. Friji zimejaa mpaka barazani, milango wazi, kama watu wanaosubiri kung'olewa meno. Mteja akija kuulizia friji yake, Kocha hamwambii kompresa imefika au haijafika. Anamwambia, "Lete simu." Anamfungulia akaunti, anambunia jina la klabu, anamsisitizia awe anaingia mara kwa mara asije akafutwa kabla ya uchaguzi. Mama mmoja muuza vipodozi alimuuliza, "Sasa mimi na kikapu wapi na wapi? Nyama zangu zimeshaoza."

"Nyama utanunua nyingine, dada yangu. Taifa ni moja."

Kura zilipopigwa, friji zikarudi majumbani, zingine mbovu vile vile, na nchi ikapata kocha.

Sasa sikilizeni kazi yenyewe ilivyo. Kocha wa taifa kwenye mchezo huu hamiliki mchezaji hata mmoja. Wote ni wa klabu za watu. Yeye anawaita siku ya mechi tu, na kabla ya hapo anawaandikia wenye klabu kwa adabu, anawaomba wawatunze vizuri. Kuomba ndiyo kazi. Halafu kazi hiyo kapewa mtu aliyegombea kwa sababu amechoka kuongea na watu vizuri.

Mchezaji aliyekuwa roho ya timu ni senta mmoja mrefu, wenyewe wanamwita Mnara. Mwenye Mnara alijiandikisha kwa jina la Kigoda. Kocha akaamua kwamba Kigoda ni kijana wa sekondari, kwa sababu Kigoda alikuwa na tabia ya kuuliza maswali. Kigoda alikuwa mama mkwe wake.

Mama huyu ni muuguzi mkuu mstaafu. Alikuja kukaa kwa binti yake baada ya kupasuliwa goti, na kutwa nzima yuko sebuleni kwenye kochi, mguu juu ya kigoda. Ndiyo. Jina lote lilikuwa mbele ya macho ya Kocha kila jioni, limebeba mguu, na mwanaume hakuliona. Binti ndiye aliyemfungulia mama yake akaunti, apate la kufanya, maana alikuwa anakagua jiko kama wodi. Na msimfanye malaika. Mama alistaafu hospitali, hospitali haikustaafu ndani yake. Anapitisha kidole juu ya kabati binti yake akiwa amesimama pale pale, halafu anakitazama kidole. Lakini wakati wenzake wananunua na kuuza wachezaji kama mitumba, yeye alimchukua Mnara akiwa kijana mrefu asiyejua hata kudaka, akakaa naye kimya kimya mpaka akawa senta ambaye nchi nzima inamtolea macho.

Nilimuuliza binti mbona hakumwambia mumewe. Akasema, "Kwani aliniuliza?"

Ikaja mechi ya kufuzu Kombe la Dunia, dhidi ya majirani. Uchaguzi mwingine ulikuwa unafuata nyuma yake, kwa hiyo hesabu ilikuwa nyepesi: akishinda anabaki Kocha, akifungwa anarudi kuwa mtu wa kuulizwa "friji yangu iko wapi". Hicho tu ndicho alichokuwa anakipigania. Taifa aliliweka mdomoni.

Mchezo una kanuni moja ya mwili. Mchezaji asipochezeshwa na klabu yake wiki nzima, anapoa. Akichezeshwa kupita kiasi, anafika timu ya taifa miguu mizito kama ana mafua. Imeandikwa kwenye maelekezo, pale mwanzo kabisa. Kocha hakusoma maelekezo. Yeye aliingia kugombea.

Basi akasimama kwenye veranda, tumbo mbele, akaandika: "Kigoda, wiki hii Mnara acheze mechi zote za klabu, dakika zote. Nataka aje akiwa wa moto."

Jibu likatoka upande wa pili wa ukuta, kwenye kochi: "Kocha, habari za jioni. Huoni atachoka? Nilitaka nimpumzishe mechi moja."

"Kocha wa taifa ni mimi. Wewe panga kama ulivyoambiwa."

"Nauliza tena ili tuelewane. Dakika zote?"

"Dogo, kafanye kazi za shule. DAKIKA ZOTE. Una kichwa kigumu kama mlango wa friji ya zamani."

Akaingia ndani, akajaribu kuulainisha uso. "Shikamoo mama. Mguu unaendeleaje?"

"Marahaba. Unaendelea, baba. Mbona umekunja uso, kuna mteja anakusumbua?"

"Kuna mtoto mmoja tu huko mtandaoni. Hana adabu kabisa."

"Pole. Watoto wa siku hizi." Akashusha macho kwenye kishikwambi chake, akaandika neno moja: "Sawa."

Siku ya mechi Kocha alivaa koti la suti juu ya bukta. Nawaombeni mlitafakari hilo. Mechi ni mistari ya maandishi inayopanda kwenye simu, mipango yote ilishawekwa tangu jana, hana uwezo wa kubadilisha hata mchezaji mmoja, na bado alikuwa anatembea mbele ya kabati la vyombo anapiga makofi. "Rudi nyuma, rudi nyuma." Anamwambia nani? Simu?

Mistari ikaja. Mnara anarusha, anakosa. Mnara amechelewa kurudi. Mnara amefanya faulo. Mnara anarusha akiwa peke yake chini ya goli, anakosa. Majirani walituacha mbali mpaka ikawa aibu kuendelea kusoma.

Mwanaume mwenye busara angezima simu akaoge. Huyu alikimbilia jukwaani, pale wenye klabu wote wa nchi wanapoandikiana, akaweka maongezi yake yote na Kigoda, neno kwa neno, na juu yake akaandika: "Mjionee wenyewe huyu mtu alivyolihujumu taifa." Hakuyasoma kwanza. Mtu wa kwanza kujibu aliuliza swali fupi: "Kocha, hapa si wewe ndiye unayesema dakika zote?" Wa pili akauliza friji za zamani zina uhusiano gani na kikapu. Baada ya hapo ilikuwa vicheko tu.

"Mpumbavu huyu Kigoda," Kocha akasema kwa sauti, katikati ya sebule, mbele ya mkewe na mama mkwe. "Hata mama yake hakumfundisha kutii."

Mama mkwe akatoa mguu juu ya kigoda, taratibu, kwa mikono miwili. Akakisukuma mpaka miguuni kwa Kocha.

"Mama yangu alinifundisha, baba. Ulisema dakika zote, nikampa dakika zote. Kaa, utaanguka."

Akakaa. Na koti lake la suti, kwenye kigoda, magoti yamefika kidevuni.

"Mama. Ni wewe?"

"Madaktari wa aina yako nimefanya nao kazi sana. Akiagiza upuuzi, unamuuliza. Akishikilia, unamuuliza tena. Akikutukana, unatekeleza, na kila mtu anajua nani kaagiza."

Hapo mimi mama hanidanganyi. Angeweza kumpumzisha Mnara kimya kimya, Kocha asingejua hata siku moja. Alitaka kumwona anaanguka, na nchi nzima ikakosa Kombe la Dunia ili mkwe apate somo. Lakini ni kombe la kompyuta, tuache.

"Nisamehe mama, sikujua ni wewe."

"Kwa hiyo angekuwa mtoto wa mwenzio ungeendelea?"

Mkewe alikuwa anameza kicheko na maji ya glasi.

"Umenitukana kule mbele za watu," mama akasema. "Kaombe radhi kule."

Ikamchukua jioni nzima kuandika hivi: "Endapo kuna meneja yeyote aliyejisikia vibaya kutokana na mawasiliano ya kiufundi, uongozi unasikitika." Mkewe akasoma begani kwake. "Hiyo siyo radhi, mume wangu. Hilo ni tangazo la kukatika maji." Kocha akalituma hivyo hivyo.

Uchaguzi ulipokaribia, akashuka karakana kukusanya kura zake kama kawaida. Muuza vipodozi akamjia juu: "Friji uliyonirudishia ilikufa siku ile ile, nimenunua mpya. Kura yangu nimempa yule kijana mpinzani wako. Aliniandikia kuniuliza timu yangu inaendeleaje, wewe hujawahi. Na usinicheke, nimepanda daraja." Na wengine wakawa hivyo hivyo. Wale aliowalazimisha kuingia walikuwa wameupenda mchezo, na mtu anayeupenda mchezo hawezi kumpigia kura yeye. Akaanguka vibaya mno.

Sasa hivi friji zinatengenezwa kwa wakati, na watu wanamwita fundi na anageuka. Kocha mpya anamwandikia Kigoda kwa heshima zote, na Kigoda anamjibu akiwa kwenye kochi, mguu umenyooka. Juzi fundi alimletea chai, akazungukazunguka pale, akajikohoza.

"Mama, eti wiki hii Mnara unampumzisha?"

"Hayo ni ya kocha na mimi, baba," akasema, bila kuinua macho. "Nisogezee kigoda."

Akamsogezea.