Cheti Changu na Sombe ya Mama Neema

Siku ya kwanza kazini nilisafiri mbali kabisa: nilipanda ghorofa mbili. Mimi ni mtu wa nyumbani, na mwajiri wangu wa kwanza alilijua hilo, akanipa familia ya jengo letu hukohuko mtaani Doornfontein. Kazi ilikuwa ya mzazi msindikizaji. Yaani wewe uliyekwisha kuzunguka kliniki na shule na mtoto mwenye kifafa, kama mimi na Joeli wangu, unamsindikiza mzazi ambaye ndiyo kwanza anaanza kuzunguka.

Mratibu wa ofisi alinipa mafunzo ya sentensi moja. "Mama Joeli, kwenye kikao kaa upande wa meza wa familia."

Nikauliza kama kuna mengine.

"Yapo. Ila hilo ukilikosea, hayo mengine hayana kazi."

Nikahamishiwa mtaa wa Observatory, ambako vilima viliyachosha magoti yangu vibaya, kisha Malvern. Huko ndiko habari ya cheti ilikotukuta. Shule zikaanza kusema msindikizaji asiye na cheti abaki getini na mlinzi. Msidhani sisi wazee tulichukia karatasi. Karatasi hufungua geti. Nilisoma kwa bidii, mwanafunzi wa sekondari aliyezeeka, nikiimba "mipaka ya kitaaluma" hadi Joeli akaniomba nipumzike. Hizo ni sheria za kumtenga mfanyakazi na familia. Mojawapo ilisema: usile kwa familia unayoihudumia.

Mtihani wa mwisho ulikuwa wa vitendo. Mtahini, Mkenya mwenye adabu zake, alinifuata hadi kwa Mama Neema, mshonaji wa Jules Street, hukohuko Malvern. Binti yake haongei, na shule ilikuwa imeitisha kikao Jumatatu ili imwondoe. Bila cheti nisingeingia naye.

Mama Neema akatuwekea bugali na sombe, kisamvu chake cha kupondwa. Mtahini akashukuru, akasema ameshiba.

"Wote waliokuja juu ya huyu mtoto walikuwa wameshiba," Mama Neema akasema, akinitazama mimi. "Hata maji ya nyumba hii wanayaogopa."

Nikaomba maji ya kunawa.

"Mama Joeli, tulikubaliana," mtahini akasema polepole.

"Tulikubaliana mimi na wewe, dada. Mwenye nyumba hakuwepo."

Nikala. Nikaomba niongezewe, maana kama ni kuanguka mtihani, bora kuanguka na shibe. Cheti sikupewa.

Jumatatu mlinzi akanionyesha benchi la getini. Mama Neema akagoma kuingia peke yake, hadi mwalimu mkuu akatoka mwenyewe.

"Huyu ni nani wako?"

"Ndugu yangu. Anakula kwangu."

Ndugu waliruhusiwa. Nikakaa upande wake wa meza, tukabishana nao mpaka chai yao ikapoa. Neema akabaki shuleni.

Baadaye niliambiwa naweza kurudia mtihani, mradi nikiri kwamba nilikosea. Eish, hilo halikunitoka mdomoni. Nikastaafu bila cheti.

Nyinyi wasindikizaji wa sasa mnaovaa vyeti vyenu shingoni, vaeni, mmevitolea jasho, na mdai mshahara unaovistahili. Ila siku mtakapowekewa sahani, kumbukeni anayewatazama.

Siku hizi natoka nyumbani Jumapili tu, hadi Malvern. Neema bado haongei. Akisikia sauti yangu mlangoni, anakuja na beseni na jagi la maji.