Kafuri na Pamba

Tumemwosha dada yangu, na harufu ya kafuri imenirudisha barazani kwetu, karibu na majamvi ya karafuu. Mgeni mmoja alikuwa akikusanya wadudu wakubwa wenye mabawa, wale ambao wakiwa wachanga hujifukia mchangani kuvizia sisimizi. Dada ndiye aliyemtengea: wenye madoa huku, wenye michirizi kule. Mgeni akawalaza sandukuni juu ya pamba, akawatilia kafuri.

Dada akawatazama, akauliza, "Bwana, utawazika lini?"

Mgeni akacheka. "Hawa hawazikwi, binti. Wanakwenda kwetu, mbali."

Sanduku lilipofungwa, dada alilia mpaka mama akamfuta machozi kwa kanga.

Sasa binti yake ananiomba pamba. Nampa. Nje, wanaume wameshamaliza kuchimba.