Gemu Tatu za Onyiego

Millicent Amolo alikuwa ametengeneza redio na televisheni pale Keumbu kwa miaka tisa, na watu wa soko walishazoea kumwona akiwa ameinamia kifaa kilichofunguliwa mgongo. Kwao ni upande wa Homa Bay. Alikuja na mume aliyehamishiwa kazi Kisii. Mume akahamishwa tena, yeye akabaki na duka lake. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Kitu kikimshinda, alikaa kimya mbele yake kwa muda mrefu hadi mteja akadhani amesinzia.

Jumatatu moja ya mwezi wa nne, pikapu ilisimama mbele ya duka, ikashusha kabati la gemu, lile refu lenye skrini juu na kijiti na vitufe chini yake. Nyuma yake alikuja Nyanchera, mjane kutoka Nyamache, amebeba gunia lililokunjwa vizuri. Ndani yake mlikuwa na bodi tatu za gemu, yale mabamba ya umeme yanayobeba mchezo, kila moja imefungwa kwa gazeti la zamani.

"Fundi, nataka hizi zote tatu ziingie ndani ya kabati hili moja," alisema. "Mtu achague anayotaka."

"Ni za nani, Mama?"

"Za mume wangu, Onyiego. Alikuwa na ukumbi wa gemu mjini Kisii, zamani."

Kisha, bila kuulizwa, Nyanchera akaeleza kwamba aliupinga ukumbi ule tangu siku ulipofunguliwa hadi siku ulipofungwa. Yeye ni Msabato, shemasi kanisani kwao, na aliona mahali pale panaharibu watoto wa watu. "Sikuwahi kukanyaga mlango wake," alisema. Akaketi kwenye benchi kama mtu asiye na haraka, akaanza kumtazama fundi akifungua kabati.

Millicent hakuelewa mtu anawezaje kuchukia kitu miaka yote hiyo, halafu akilete kitengenezwe. Lakini hilo halikuwa lake kuuliza. Aliagiza kibadilishaji kutoka Nairobi, bodi ndogo yenye swichi ya kuchagua ni gemu ipi ipate stima na kuonekana kwenye skrini. Kilipofika Jumanne alasiri, alijaribu kwanza gemu moja moja. Ya magari ilicheza vizuri. Ya ndege za vita nayo ilicheza vizuri. Ya wapiganaji pia. Jumatano asubuhi akaunganisha zote tatu, nyaya za vitufe zikigawanywa kwenda kwa kila bodi, akawasha ya kwanza.

Gari lilianza kukimbia lenyewe. Hakuna aliyekuwa amegusa kitu. Liligonga ukuta, likarudi, likagonga tena. Akabadilisha, akaweka ya wapiganaji, na yule mpiganaji akawa anaruka na kurusha ngumi hewani bila kukoma.

"Ndivyo inavyochezwa?" Nyanchera aliuliza kutoka kwenye benchi. Alikuwa amerudi, safari hii na ndizi mbivu.

"Hapana, Mama. Sijui inafanya nini."

Alibadilisha vitufe. Alipima kila waya kwa mita, akafuata rangi moja moja kutoka kwenye kijiti hadi kwenye bodi, akiandika kwenye boksi la kadibodi. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Akatoa kibadilishaji, akakirudisha. Gari likagonga ukuta. Ilipofika saa kumi, alikuwa hana uhakika hata na yale aliyoyajua asubuhi. Kila moja ikiwa peke yake inafanya kazi; zikiwa pamoja zinapagawa. Na hizo mbili nyingine zilikuwa zimezimwa. Kitu kilichozimwa kingesumbuaje kilichowashwa?

Alhamisi alichomoa bodi ya ndege ili tu apate nafasi ya kuweka kikombe. Gari, ambalo lilikuwa likizunguka, likapunguza kidogo. Akachomoa ya wapiganaji. Gari likasimama, likangoja mchezaji.

Millicent aliweka kikombe chini. Akazirudisha, gari likapagawa. Akazichomoa, likatulia. Akafanya hivyo mara nne. Kisha akampigia simu Ombok, waliyesoma naye ufundi Kisumu.

"Hizo zilizozimwa zinanyonya stima kupitia nyaya za vitufe," Ombok alisema. "Zinaivuta chini, basi ile iliyowashwa inadhani kila kitufe kimebonyezwa. Weka diodi kwa kila waya, zile zinazopitisha stima njia moja tu. Stima isiweze kupotelea kwa bodi iliyolala."

"Kwa hiyo iliyolala inaiba kwa iliyo macho?"

"Sema hivyo kama utaelewa."

Hakuwa na hakika kwamba ameelewa, lakini aliweka diodi, moja kwa kila waya wa kila bodi, mpaka vidole vikawasha kwa moto wa solda. Ijumaa saa nane mchana akawasha. Gari likasimama likingoja. Akabadilisha, ndege ikangoja. Akabadilisha tena, wapiganaji wakasimama wakitazamana. Kulibaki mvumo mdogo kwenye spika, ambao hadi leo hajui unatoka wapi.

Nyanchera alisogea karibu na skrini. Orodha ya washindi ilikuwa ikipita, herufi tatu tatu na pointi zake. Aliisoma yote. Akaomba abadilishiwe, akasoma ya pili, na ya tatu.

"Liko wapi?" aliuliza.

"Nini, Mama?"

"Jina lake. Aliniambia akiwa hospitali kwamba jina lake ni la kwanza katika hizi zote. Alisema nikitaka kumwona, nitazame huko."

Millicent alitazama bodi, akamtazama yeye. Alijua jibu na hakujua namna ya kulisema. "Mama, hizi haziweki majina. Zikizimwa, yanafutika. Hayo unayoona ni ya kiwandani."

Nyanchera alirudisha macho kwenye skrini. "Yeye alijua hivyo?"

"Alikuwa na ukumbi. Lazima alijua."

"Basi alimaanisha nini?"

Millicent alianza kufunga mgongo wa kabati. Sabato ilikuwa inakaribia, kwa hiyo kabati lilipakiwa upesi, likapelekwa Nyamache kabla jua kuzama.

Mwezi mmoja baadaye Millicent aliitwa kwenda kubadilisha fyuzi. Kabati lilikuwa sebuleni, limefunikwa kitambaa cha kufuma. Alipomaliza, aliwasha, akatikisa kijiti, akampisha Nyanchera ajaribu mwenyewe. Mama yule alivuta kiti, akavua miwani, akacheza ile ya ndege kwa nusu saa, chai ikipoa. Ilipokwisha, mashine ilimwomba herufi tatu. Millicent alingoja aone O, N, Y. Nyanchera aliandika N, Y, A, zikapanda hadi juu kabisa.

"Stima ikipotea yanafutika," Millicent alimkumbusha.

"Najua," alisema Nyanchera. "Hupotea karibu kila siku. Yakifutika nitayaandika tena. Keti unywe chai, fundi."